Nani Anawaamuru Majimoto?

Sogeeni, wajukuu zangu, ila msiuegemee mwembe huu. Una wenyewe, sisimizi waitwao majimoto. Wakikuuma humwaga na asidi juu ya kidonda, na hapa Bagamoyo mtoto gani hajaonja?

Tazameni tawi lile. Mmoja ameng'ata ukingo wa jani, anavuta. Jani lisiposogea, huliacha akajaribu kwingine. Likisogea hata kidogo, hung'ang'ania, na wanaopita huja kumsaidia, mpaka wanajipanga kama wavuvi wanaovuta juya. Jani la pili likiwa mbali, mmoja humshika mwenzake kiunoni, naye hushikwa na mwingine, hadi mnyororo wao ufike ng'ambo.

Sasa ndipo penye ajabu. Majimoto mzima hana uzi wa kushonea majani hayo yawe kiota. Mwenye uzi ni buu, mtoto ambaye hajaota hata miguu. Basi humbeba mdomoni, humgusisha jani hili, kisha lile, na buu huachia hariri nyeupe kila anapogusishwa. Nyumba nzima hushonwa kwa watoto!

Mtaniuliza, malkia si ndiye anayewaamuru? Hapana. Kundi moja lina viota vingi, hata kwenye miti kadhaa, naye yumo katika kimoja tu, anataga mayai. Habari hupitia kwenye harufu na miguso. Aliyeona chakula hurudi akiacha mstari wa harufu, na akikutana na mwenzake humtikisia kichwa. Aliyekutana na adui hutikisa mwili mbele na nyuma, kwa vishindo, kana kwamba bado anapigana. Mwaka 1978 wataalamu Bert Hölldobler na Edward Wilson waliandika kwamba majimoto wa Afrika wana namna tano za kuitana.

Wakulima wa minazi wa pwani hii wana sababu ya kuwapenda. Yupo mdudu anayefyonza nazi changa zikadondoka, na mnazi wenye majimoto wengi humshinda. Lakini kabla ya kufurahi, mkulima aangalie shina: chini huishi sisimizi wadogo, baadhi yao wenye vichwa vikubwa kupita kiasi, na hao ni maadui wakubwa wa majimoto. Wakiwafukuza mtini, mfyonzaji hurudi kwenye nazi.