Jiko lisilotoa moshi huenda bado linatoa sumu

BARIDI ya Juni, Julai na Agosti inapoingia katika nyanda za juu humu nchini, jiko la makaa huacha kuwa chombo cha kupikia pekee. Chakula cha jioni kikishaiva, hubebwa kutoka uani na kuingizwa katika chumba cha kulala, mlango ukafungwa na nyufa za dirisha zikazibwa kwa matambara. Si ajabu msimu huo kusikia habari za watu waliolala wakiwa wazima na kupatikana asubuhi wakiwa wamefariki.

Aliyeliingiza jiko hilo ndani kwa kawaida hakuwa mzembe. Aliliwasha nje, akangoja makaa yakolee hadi moshi ukaisha kabisa, ndipo akaamini kwamba hatari pia imekwisha.

Kosa hilo si lake peke yake. Kwa zaidi ya miaka 40, mazungumzo kuhusu majiko bora katika nchi zinazostawi yamekuwa yakichanganya mambo mawili tofauti: jiko linalopunguza matumizi ya kuni au makaa, na jiko linalomwepusha mpishi na hewa chafu. Yapo majiko yanayofanya yote mawili. Mengi hufanya la kwanza tu.

Ili kuelewa tofauti hiyo, yafaa kuanza na mafiga matatu, meko ambayo bado hutumika katika maelfu ya vijiji vyetu. Ukuni unapopata joto hutoa mvuke na gesi, na gesi hizo ndizo zinazoshika moto na kuwa mwali. Zikikosa joto la kutosha au hewa ya kutosha, hupaa kabla ya kuungua, na huo ndio moshi. Kwa maneno mengine, moshi ni kuni ambazo hazikuchomeka, yaani kuni zilizotafutwa, zikabebwa mgongoni, kisha zikapotelea paani.

Kwenye mafiga, upepo huingia kutoka kila upande na kuupoza mwali. Sufuria nayo, ikiwa baridi na karibu mno na moto, huukata mwali kabla haujamaliza kazi, ndiyo maana hujaa masizi. Sehemu kubwa ya joto hutoka pembeni na kumwotesha mpishi badala ya kupasha chungu. Kuna hasara mbili hapo. Moja ni ya uchomaji mbaya, nayo nyingine ni ya joto kutofika kwenye sufuria. Fundi anaweza kuiponya hasara ya pili bila hata kuigusa ile ya kwanza.

Makaa yana mkasa wake. Moshi wao ulikwisha kutolewa zamani, katika tanuri la udongo huko msituni ambako, kwa njia za kienyeji, kilo sita hadi kumi za kuni hutumika ili kupata kilo moja ya makaa. Kinachobaki ni kaboni karibu tupu. Hewa inapoingia chini ya jiko, kaboni huungua vyema. Lakini gesi inayotokana na moto huo hulazimika kupenya makaa mengine mekundu yaliyo juu yake, ambako hakuna hewa ya kutosha, na hapo hugeuka kuwa kaboni monoksaidi.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Haikereketi koo, haitoi machozi. Ikivutwa, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo kuinyima mwili hewa inayouhitaji. Moshi wa kuni humfukuza mtu chumbani akikohoa. Kaboni monoksaidi humlaza usingizi.

Sasa turejee kwenye jiko ambalo Wakenya wengi wanalijua. Kabla ya miaka ya 1980, jiko la kawaida mijini lilikuwa la bati tupu. Lilipokea makaa mengi na kuyamaliza upesi, kwani joto lilitoka kwenye kuta zake za chuma kama maji kwenye ungo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili katika miaka ya 1970, misitu ilikuwa ikififia, na mnamo Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya jijini Nairobi kongamano lake kuhusu kawi mpya na kawi isiyoisha. Suala la kuni lilikuwa midomoni mwa wajumbe.

Katika kipindi hicho mradi uliofadhiliwa na Marekani, akiwemo mbunifu Mkenya Max Kinyanjui, uliazima wazo kutoka Thailand. Huko watu walikuwa wakipikia jiko lenye umbo la ndoo, ambalo ndani yake mna udongo uliochomwa. Udongo huo huzuia joto lisipotee pembeni na kulielekeza juu kwenye sufuria.

Jaribio la kwanza halikufaulu moja kwa moja, na hapa ndipo pana funzo ambalo wafadhili wengi husahau. Udongo hupanuka kwa namna yake na bati kwa namna yake. Jiko likipata moto na kupoa mara kadhaa, kigae cha ndani kilipasuka. Wapishi walilalamika. Mafundi walilibadilisha umbo hadi likawa pana juu, jembamba kiunoni na pana tena chini. Kigae kikawekwa sehemu ya juu pekee, kikashikiliwa kwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi yanayozuia joto. Kitako kipana kililifanya jiko lisipinduke wakati mtu anaposonga ugali kwa nguvu zake zote, jambo ambalo mhandisi aliyezoea kupasha supu huenda asingelifikiria.

Jiko hilo halikugawiwa bure. Mafundi wa jua kali, wakiwemo wale wa Shauri Moyo jijini Nairobi, walifunzwa kukata bati kutoka kwa mapipa na vyuma vikuukuu, nao wafinyanzi wakafinyanga vigae. Kila mmoja aliuza alichotengeneza. Mwanzoni bei ilikuwa juu, lakini ushindani uliishusha hadi ikawa dola chache tu. Kufikia 1995, mwanasayansi Daniel Kammen aliandika katika jarida la Scientific American kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini Kenya zilikuwa nalo. Lilienea hadi Uganda, Rwanda, Tanzania na Ethiopia. Vijijini, hasa magharibi mwa Kenya, akina mama wafinyanzi walitengeneza na kuuza kigae cha jiko la kuni ambacho hujengewa udongo jikoni bila bati lolote. Kilijulikana kwanza kwa jina Maendeleo, baadaye Upesi.

Kwa kipimo kilichowekwa, kazi hii ilifaulu pakubwa. Jiko la bati lilifikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 20 ya joto la makaa; lile la udongo lilifikisha asilimia 25 hadi 40. Kwa familia inayonunua makaa kwa mkebe, huo ni mlo unaookolewa kila juma. Lakini kipimo kilikuwa makaa. Hakikuwa mapafu.

Swali la mapafu lilijibiwa, kwa kiasi fulani, papa hapa Kenya. Kati ya 1996 na 1999, Majid Ezzati na Kammen walifuatilia nyumba 55 katika ranchi ya Mpala, Laikipia. Walipima moshi, wakaandika nani alikaa karibu na moto na kwa muda gani, na wauguzi wakawatembelea wakazi kuchunguza magonjwa ya kifua. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2001, yalithibitisha jambo ambalo kila nyanya analijua: anayevuta moshi zaidi huugua zaidi.

Kilichoshangaza ni umbo la uhusiano huo. Hatari ilipanda kwa kasi moshi ukiwa bado kidogo, kisha ikaendelea kupanda polepole moshi ulipokuwa mwingi mno. Maana yake ni kwamba kuutoa moshi kutoka kiwango cha kutisha hadi nusu yake huleta nafuu kidogo tu. Mtu aliyezama futi 20 majini akiinuliwa hadi futi 10, bado hawezi kupumua.

Tafiti za baadaye zimeunga mkono tahadhari hiyo. Nchini Malawi, majiko ya kuni yenye feni yalijaribiwa katika utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 10,000. Matokeo ya mwaka wa 2016 hayakuonyesha kupungua kwa nimonia. Katika jimbo la Orissa nchini India, ambalo sasa huitwa Odisha, Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia majiko ya udongo yenye dohani kwa miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza moshi uliovutwa ulipungua. Kisha majiko yakapata nyufa, dohani zikaziba, wenyewe wakaacha kuyakarabati na mengi yakaachwa bila kutumika. Faida ikatoweka.

Hata gesi haijatoa jibu jepesi. Utafiti mkubwa uliofanywa Guatemala, India, Peru na Rwanda uliwapa wanawake wajawazito meko ya gesi na gesi yenyewe bila malipo. Moshi uliovutwa ulipungua kwa kiasi kikubwa, lakini matokeo ya 2022 kuhusu uzani wa watoto wachanga na yale ya 2024 kuhusu nimonia kali hayakuonyesha tofauti dhahiri. Wanasayansi wangali wanajadili sababu. Hewa ya kijiji ni moja, na moshi wa jirani hauulizi mlango.

Mtu asije akasema basi moshi hauna neno. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kinachoonekana ni kuwa kupunguza moshi kidogo hakutoshi, na kwamba jiko jipya likisimama kando ya mafiga ambayo bado yanawaka jioni, mafiga ndiyo yanayoamua afya ya nyumba.

Humu nchini hali ni kama ifuatavyo. Katika sensa ya 2019, asilimia 55.1 ya familia zilisema hupikia hasa kuni, asilimia 23.9 gesi, 11.6 makaa na 7.8 mafuta taa. Mafuta taa nayo, ambayo wengi huyahesabu kuwa ya kisasa, yalikataliwa na WHO katika mwongozo wake wa 2014 kwa sababu ya moshi wake na ajali za moto.

Gesi inaungua vyema kwa kuwa inafika ikiwa tayari ni gesi na huchanganyika na hewa kabla ya kuwaka. Kikwazo ni pesa. Mnamo Julai 2021 serikali ilirejesha ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa gesi ya kupikia, ikaupunguza hadi asilimia 8 mwaka uliofuata na kuuondoa 2023. Familia iliyonunua mtungi 2020 kisha ikarudi kwa makaa mwaka uliofuata haikukosa elimu. Ilipiga hesabu.

Suala la hesabu limechunguzwa pia. Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifanya utafiti jijini Nairobi, uliochapishwa 2022, kuhusu jiko la makaa la kiwandani lililouzwa dola 40. Waliolipata walipunguza matumizi yao ya makaa kwa asilimia 39, akiba ya takriban dola 119 kwa mwaka. Hata hivyo, kwa wastani walikuwa tayari kulilipia dola 12 pekee. Walipopewa nafasi ya kulipa kwa mkopo, kiasi hicho kiliongezeka zaidi ya mara mbili. Walijua faida yake. Hawakuwa na dola 40 kwa mkupuo.

Kwa nyumba ambayo gesi bado iko mbali, yapo mambo yasiyohitaji mkopo. Maharagwe na mahindi ya githeri yakirowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi, na saa iliyopungua jikoni ni saa ya moshi iliyopungua pia. Kuni zilizokauka vizuri hutoa moshi kidogo kuliko mbichi. Kifuniko cha sufuria huokoa makaa katika jiko lolote lile. Meko yaliyojengwa katika jiko lenye nafasi wazi kati ya ukuta na paa humpa mpishi hewa kuliko yale ya chumba kilichozibwa, na mtoto mchanga anayelala mbali na meko hayo huvuta moshi kidogo kuliko aliye mgongoni mwa mamaye.

Ama kuhusu jiko la makaa na chumba cha kulala, hakuna aina inayofaa, liwe la bati, la udongo au la kiwandani. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa chumbani kwa wakati mmoja ni dalili za sumu, wala si mafua ya baridi. Wanaohisi hivyo watolewe nje mara moja na wapelekwe hospitalini, hata kama wanaonekana kupata nafuu. Na makaa yaliyofunikwa jivu ili yahifadhi moto hadi asubuhi, ambayo kwa macho yamekwisha kuzimika, huendelea kutoa kaboni monoksaidi usiku kucha.