Fundi wa Mpanda, Andikisha Kabla Hujaonyesha

Simba na Yanga zikikutana, vibanda umiza vya Mpanda hujaa mapema. Kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa umeme wa jenereta za dizeli, na umeme ukikatika dakika ya 80, bao lilipita bila kuonwa. Siku hizi baadhi ya ving'amuzi vina tundu la flashi na kitufe cha kurekodi kwenye rimoti. Wachache wanajua kwamba kitufe cha aina hiyo kiliwahi kupeleka kampuni mbili za Marekani mahakamani kwa zaidi ya miaka saba.

Ya kwanza, TiVo, ilianzishwa mwaka 1997 na Jim Barton na Mike Ramsay. Julai 1998 iliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya kifaa kinachorekodi televisheni, ikaipata mwaka 2001. Kifaa hicho hupokea matangazo, hupanga picha na sauti, huyahifadhi kwenye diski, na papo hapo humwonyesha mtazamaji sehemu anayoitaka. Unaangalia mwanzo wa mechi huku kipindi cha pili kikiendelea kurekodiwa.

Januari 2004 TiVo iliishtaki EchoStar, kampuni ya televisheni ya setilaiti ya Dish Network, katika mahakama ya shirikisho jimboni Texas. Aprili 2006 EchoStar ilionekana kuwa imevunja hataza, ikatakiwa kulipa takriban dola milioni 74. Ikakata rufaa, ikabadilisha programu ya vifaa vyake, ikadai kwamba sasa vinafanya kazi kwa njia nyingine. Mwaka 2009 jaji aliona kuwa imekaidi amri ya mahakama. Mei 2011 pande mbili zilipatana: TiVo ilipwe dola milioni 500.

EchoStar ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 10, na TiVo ilikuwa ndogo sana mbele yake. Kilichoibeba TiVo ni ombi la mwaka 1998, lililoeleza hatua kwa hatua jinsi kifaa kinavyofanya kazi.

Hapo ndipo kesi hii inapotuhusu sisi wa Mpanda na mkoa mzima wa Katavi. Mafundi wetu wa Kashaulili na Makanyagio wanabuni. Mmoja anarekebisha mashine ya kukoboa mpunga ipunguze chenga, mwingine anaunda kifaa cha kukamua asali ya Inyonga. Kikishapendwa, mwenye mtaji anakipiga picha, anakichonga mjini, anakiuza. Mbunifu anabaki na sifa za mdomo.

Sheria ipo. Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 inasimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Uvumbuzi unatakiwa uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, na uweze kutumika katika uzalishaji. Anayetaka ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja anaweza kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika, lenye makao yake Harare. Ikumbukwe kwamba hataza ya nchi moja hailindi uvumbuzi katika nchi nyingine.

Serikali nayo isiishie kugawa vyeti kwenye maonyesho. Maofisa wa BRELA waje Mpanda, wakae na mafundi, wawasaidie kuandika maelezo na kuchora michoro.

Nawe fundi, kabla hujapeleka kifaa chako kwenye maonyesho ya Nanenane jijini Mbeya, ulizia hataza kwanza. Ukishakianika hadharani, itakuwa vigumu kudai kuwa ni kipya.