Sifa za kujiunga na mafunzo ya utafiti wa elimu viumbe wakati wa kiangazi (Marekani)

Mafunzo ya utafiti ya kiangazi ni mpango unaomwezesha mwanafunzi wa shahada ya kwanza kutumia likizo ndefu ya chuo kufanya utafiti chini ya mwanasayansi, kwa kawaida kwa wiki 8 hadi 10. Nchini Marekani sehemu kubwa ya mafunzo hayo hugharimiwa na Taasisi ya Taifa ya Sayansi (NSF) kupitia mpango wa REU ulioanza mwaka 1987. Kiangazi kinachotajwa hapa ni cha nusu ya kaskazini ya dunia, yaani Juni hadi Agosti, wakati ambapo Afrika Mashariki ni kipupwe.

Elimu viumbe, ambayo wengine huiita historia asilia, huchunguza wanyama, mimea, visukuku, miamba na madini. Jina la kwanza linajulikana Tanzania kutokana na makumbusho ya Arusha, ingawa halitaji mawe. Utafiti huu hutegemea sana hazina za makumbusho. Makumbusho ya taifa ya elimu viumbe ya Washington, yaliyofunguliwa mwaka 1910, yana vielelezo zaidi ya milioni 140. Makumbusho hayo, pamoja na American Museum of Natural History ya New York (1869) na Field Museum ya Chicago (1893), yamewahi kupokea wanafunzi wa REU. Mwanafunzi anaweza kupewa kazi ya kupima mafuvu ya popo, kutoa DNA kwenye mimea iliyokaushwa, au kulinganisha meno ya visukuku. Mwishoni huwaeleza wenzake alichokipata.

Uraia na ukaaji

Hili ndilo sharti linalowaangusha waombaji wengi kabla hata maksi zao hazijasomwa. Anayelipwa kwa fedha za REU lazima awe raia wa Marekani, au mtu mwenye utaifa wa Marekani, au mkaaji wa kudumu. Kundi la pili ni dogo: ni hasa watu waliozaliwa Samoa ya Marekani, ambao wana pasipoti ya Marekani bila kuwa raia kamili. Mkaaji wa kudumu ni mwenye ile inayoitwa kadi ya kijani.

Kwa hiyo kijana kutoka Kenya au Tanzania anayesoma chuo cha Marekani kwa viza ya mwanafunzi hawezi kulipwa kwa fedha hizo, hata akiwa wa kwanza darasani. Kijana wa nchi hiyohiyo ambaye familia yake ilipata ukaaji wa kudumu kwa bahati nasibu ya viza anaweza. Kwa wakimbizi, wakiwemo Wakongo na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili, jambo hili linahitaji uangalifu. Hadhi ya ukimbizi peke yake si ukaaji wa kudumu. Sheria humtaka mkimbizi aombe ukaaji huo baada ya kukaa nchini mwaka mmoja, na familia inayochelewesha fomu hizo inaweza kumkosesha mtoto wake nafasi bila kujua.

Mlango haujafungwa kabisa kwa wengine. Sharti hili limefungwa kwenye fedha za NSF, si kwenye maabara. Baadhi ya vituo hupokea wanafunzi wa kigeni kwa fedha kutoka kwingine, na njia ya kujua ni kumwandikia mratibu wa kituo kabla ya kuomba.

Hali ya masomo

Mwombaji awe ameandikishwa katika masomo ya shahada ya kwanza, au katika chuo cha miaka miwili. Anayehama kutoka chuo kimoja hadi kingine, ambaye kiangazi hicho hayumo katika chochote, anakubalika. Aliyemaliza sekondari na kupata nafasi chuoni bila kuanza masomo naye anaruhusiwa na kanuni, japo vituo vingi hupendelea waliosoma mwaka mmoja au zaidi. Aliyekwisha kupata shahada na kuondoka chuoni kwa kawaida hana nafasi. Anayehitimu Mei, basi, asisubiri kiangazi cha mwaka huo; aombe mwaka mmoja mapema.

NSF haikupanga wastani wa maksi kwa nchi nzima. Kila kituo hujiwekea vigezo vyake, na kila kimoja huchukua wanafunzi wapatao kumi tu. Aliyesoma chuo kidogo asijidharau: kanuni hutaka angalau nusu ya wanafunzi wa kituo watoke katika vyuo ambako nafasi za utafiti ni chache, na sehemu kubwa watoke nje ya taasisi mwenyeji. Nimeona vijana wengi wakiacha kuomba kwa sababu hawajawahi kushika kifaa cha maabara, ilhali mpango uliwekwa kwa ajili ya watu kama wao.

Maombi

Maombi hayapelekwi NSF. Hupelekwa kwa kila kituo peke yake, mara nyingi kati ya Januari na Machi. Huhitajika orodha ya matokeo ya chuo, barua ya kueleza nia, na barua za walimu wanaomfahamu mwombaji. Barua za walimu ndizo huchelewa, kwa hiyo ziombwe kabla ya likizo ya Krismasi.

Wanaochaguliwa hulipwa posho, na vituo vingi hugharimia malazi na nauli. Kituo cha REU hakiruhusiwi kutoza ada ya maombi. Anayedai pesa ili "kumuingizia" mtu jina hatoki katika mpango huu.