Dawa ya Magugu Huunguza Koo na Tumbo

Mvua zikianza, wakulima wa Nachingwea na Ruangwa hupanda mahindi, mbaazi na ufuta. Magugu nayo huota. Siku hizi wengi hawapalilii kwa jembe peke yake, bali hunyunyizia dawa ya kuua magugu. Dawa hii hupunguza kazi, lakini ni sumu.

Wengine hununua dawa kidogo ya kupimiwa. Huitia katika chupa ya soda na kuiweka uvunguni. Mtoto mwenye kiu haulizi. Akiona chupa, anakunywa.

Sumu hii hufanya nini mwilini? Chakula hupita mdomoni, kooni, kisha katika mrija uendao tumboni. Dawa kali, kama parakwati, huunguza njia hiyo yote. Ulimi na koo hutoka vidonda. Mgonjwa hushindwa kumeza, huumwa tumbo na kutapika, pengine damu. Vidonda vikipona, mrija waweza kubaki mwembamba, na ugali ukawa unakwama.

Parakwati huingia pia katika damu, ikaharibu figo na mapafu. Mgonjwa aweza kuonekana ana nafuu leo, akashindwa kupumua baada ya siku kadhaa. Hakuna dawa ya kuivunja nguvu sumu hiyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikatazwa kuitumia tangu mwaka 2007.

Mtu akimeza dawa ya magugu, fanyeni hivi:

1. Asukutue mdomo kwa maji na kuyatema.

2. Msimtapishe. Sumu ikirudi juu huunguza koo mara ya pili. Msimnyweshe mafuta, maziwa wala miti shamba.

3. Mvueni nguo zilizolowa dawa. Mwosheni ngozi kwa maji na sabuni.

4. Mpelekeni zahanati au hospitali upesi, usiku au mchana, hata kama haumwi. Chukueni na chupa ya dawa, mganga aisome.

Pengine mtu mzima hunywa kwa sababu ya majonzi. Huyo naye ni mgonjwa. Msimgombeze, wala msimfiche kwa aibu. Mpelekeni upesi vilevile, na akirudi nyumbani msimwache peke yake na huzuni yake.

Ndugu msomaji, nunua dawa katika chupa yake yenye maandishi. Ifungie ndani ya sanduku lenye kufuli. Chupa ikiisha, itoboe, isichotewe maji. Wewe umejifunza kusoma. Soma maandishi ya chupa hiyo, kisha wasomee na jirani zako.