Upanga wa Ulaya uliofuliwa Kongo

NYANTENDE, Kivu Kusini – Katika vijiji vya Nyantende, kusini mwa mji wa Bukavu, ni nadra kukuta nyumba ya mkulima isiyo na panga. Linakata ndizi, linakata majani ya mbuzi, linachonga mpini wa jembe. Upanga ni kitu kingine. Huo wengi wameuona kwenye filamu, au siku hizi kwenye simu: bapa refu lenye makali pande mbili, chuma kilichokingama kama msalaba juu ya mpini, na bei ya kununulia mbuzi kadhaa.

Ni nakala za panga walizobeba askari wapanda farasi wa Ulaya katika Zama za Kati. Mamia ya miaka baada ya vita vyao, silaha zao zinatengenezwa upya na kuuzwa dunia nzima. Wanunuzi wake ni wa aina mbili. Wapo wakusanyaji, wanaotundika upanga ukutani na kuufuta vumbi. Wapo pia wanaovaa mavazi ya chuma siku za mapumziko na kuigiza vita vya kale mbele ya watazamaji. Mji wa Toledo, Uhispania, umejulikana kwa panga tangu kale na bado unaziuza. Nyingine nyingi hutoka mbali na Ulaya: kiwanda cha Windlass Steelcrafts, moja ya majina makubwa ya biashara hii, kiko Dehradun nchini India na kilianzishwa mwaka 1943.

Tofauti kati ya upanga wa ukutani na ule wa mchezo ni kubwa, na mara nyingi haionekani kwa macho. Wa ukutani hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, kinachong'aa vizuri lakini katika urefu ule huweza kuvunjika kikigongwa. Ndani ya mpini wake mara nyingi kuna kijiti chembamba tu kilichounganishwa kwa kuchomelewa. Ukiutumia kwa nguvu, bapa linachomoka na kuruka. Upanga wa waigizaji hujengwa kwa namna nyingine: bapa na mkia wake ni kipande kimoja, mkia huo hupita katika mpini wote, kisha ncha yake hugongwa hadi itanuke na kushika kichwa cha mpini. Makali huachwa butu, unene wa milimita mbili au zaidi, na ncha huviringwa ili asiumie mtu. Uzito wake ni kilo moja hadi moja na nusu. Filamu zimetudanganya kwamba ulikuwa mzigo wa kuinuliwa na majitu. Kwa kweli hauzidi sana uzito wa panga zito la kufyekea.

Na chuma chenyewe? Nyingi za nakala bora hufuliwa kwa chuma cha jamii ya resori za magari, kwa sababu hupinda na kurudi bila kukatika. Fundi hukipasha moto hadi kiwe chekundu, hukizamisha ndani ya mafuta kiwe kigumu, kisha hukirudisha kwenye moto wa kadiri ili kipunguze ukali wake. Wahunzi wa Kivu hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Resori ya lori kuukuu ndiyo malighafi ya mapanga na visu vingi vinavyofuliwa vijijini kwetu. Ajabu ni kwamba chuma cha aina moja kikitoka kwa mhunzi wa kijiji kinauzwa kwa bei ya sokoni, na kikipewa msalaba na ala ya ngozi kinageuka kuwa mali ya wakusanyaji.

Lakini matangazo ya wauzaji hayasemi kwamba Wakongo walifua panga za mtindo huu zamani sana, tena si kwa ajili ya mchezo.

Wareno walifika kwenye mdomo wa mto Kongo katika miaka ya 1480, wakiongozwa na Diogo Cão. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa na kuitwa João. Mwanawe, Afonso wa Kwanza, alipigana na ndugu yake kugombea kiti, akashinda, na akaeleza kuwa wapanda farasi wa mbinguni chini ya Mtakatifu Yakobo walitokea na kuwatimua maadui. Ngao ya ufalme wake ilichorwa mikono mitano iliyovaa chuma, kila mmoja umeshika upanga.

Wahunzi wa Kongo waliziangalia panga za wageni wakafua zao. Kwa Kikongo ziliitwa mbele a lulendo, yaani visu vya mamlaka. Kikinga mkono chake hujipinda kama herufi S, upande mmoja ukielekea kwenye bapa na wa pili ukirudi kwenye mpini, na mipini mingine ilichongwa kwa pembe ya ndovu. Ulaya waliliacha umbo hilo muda si mrefu, wakahamia mitindo mipya. Kongo waliendelea nalo kwa karne nyingi. Kuziita nakala tu, kwa maoni yangu, ni kuzipunja.

Zilikuwa na kazi zake. Chifu alizishika kama alama ya haki ya kuhukumu. Wakuu walizicheza katika sangamento, ngoma ya kivita iliyochezwa pia kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, tarehe 25 Julai. Wengine walizikwa nazo. Huko Ngongo Mbata, katika jimbo ambalo leo ni Kongo Central, wamisionari Waredemptorista walichimba magofu ya kanisa la mawe mwaka 1938 na kukuta panga makaburini pamoja na rozari. Baadhi ya wakuu hao walikuwa wanachama wa Shirika la Kristo, chama cha heshima cha wapanda farasi wa Ureno. Kwa hiyo waliobeba silaha hizo walikuwa na cheo kile kile ambacho waigizaji wa leo wanakivaa kwa siku moja.

Kuziona ndiyo shida. Baadhi ziko Tervuren, Ubelgiji. Maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo ya mwaka 2015 yalifanyika Metropolitan, New York. Kijana wa Nyantende anayefua panga kwa resori ana njia rahisi zaidi ya kuagiza upanga wa Dehradun kuliko kusimama mbele ya ule uliofuliwa na Mkongo mwenzake.

Februari 2022, serikali ya Ubelgiji iliikabidhi Kinshasa orodha ya vitu takriban 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren, na Julai mwaka huo sheria ya kuvirudisha ikapitishwa. Kitu cha kwanza kuletwa, barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, kiliwasili Juni na Mfalme Philippe, kwa mkopo usio na kikomo. Safari hiyo hiyo ilimfikisha Bukavu, katika hospitali ya Panzi, upande ule wa mji unakotoka kwenda Nyantende. Barakoa ilibaki Kinshasa.