Kuremba si Kurembaremba

Waingereza wana kitenzi cha mitaani, "tart up", ambacho huwatatiza wanafunzi wa tafsiri. Maana yake ni kupamba kwa pupa ili kitu hafifu kionekane cha thamani, na kejeli yake yatokana na "tart", jina la kumtusia mwanamke malaya. Kile kijineno "up" hakihusiani na juu. Chaonyesha tu kwamba tendo limefika ukomo.

Mwanafunzi wa Kitui au Makueni akiandika "pamba", kejeli imepotea, naye huambiwa Kiswahili hakina neno. Hapana! Kiswahili hurudufisha shina: semasema, gusagusa, rembaremba. Uradidi huo wadokeza tendo lisilo na mpango wala kiasi. Matatu ya kwenda Wote iliyojaa michoro na taa (pamoja na ule mstari wa manjano uliolazimishwa mwaka 2004) huku breki zikiwa mbovu, haikupambwa, imerembwarembwa. Kikamba nacho hurudufisha mashina ya vitenzi. Kwa nini basi mwalimu asianzie hapo?

Katika kusahihisha, akatwe alama aliyeandika "pamba juu", si aliyeandika "rembaremba".