Vinara vya Gesi Isiyoonekana: Kutoka Mkaa wa Handeni hadi Maabara za Korogwe

Mkaa wa Handeni, ule unaouzwa kwa gunia kando ya barabara pale Mkata, ukishakolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu hudanganyika wakalala nao chumbani. Msifanye hivyo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na ndiyo kinara wa kuipokonya oksijeni nafasi yake: huishika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200.

Gesi hiyohiyo mwili wetu huitengeneza. Torgny Sjöstrand wa Sweden ndiye aliyetangulia kulionyesha hilo, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1968 Tenhunen, Marver na Schmid wakakieleza kimeng'enya kinachoitoa, kwa kuvunja himu, sehemu ya damu yenye chuma. Lililoshindikana kwa muda mrefu zaidi ni kuiona gesi yenyewe ndani ya seli iliyo hai.

Mwaka 2012 likawezekana, tena kwa njia mbili. Maabara ya Christopher Chang, Berkeley, Marekani, ilitengeneza COP-1: molekuli yenye asili ya kung'aa kijani, lakini iliyofungiwa metali ya paladiamu inayoizima. Gesi ikifika, hujipachika kwenye molekuli, paladiamu hubanduka, na seli huonekana ikiwaka kijani kwenye hadubini. Kundi la Chuan He, Chicago, lilitoa COSer, protini ya kung'aa iliyounganishwa na CooA, ambayo bakteria Rhodospirillum rubrum huitumia kuinasa gesi hii. Kwa kuigwa zaidi, COP-1 ndiyo bingwa. Kwa ubunifu, taji nampa COSer, maana kazi imeachiwa protini iliyoizoea.

Na Korogwe inahusikaje? Kwa malaria: vimelea vyake hupasua chembe nyekundu za damu, himu ikamwagika, mwili ukaivunja, gesi ikatoka. Mwaka 2007 watafiti wa Ureno walionyesha kwamba gesi hii, kwa kipimo maalumu, iliwakinga panya na malaria ya ubongo. Korogwe nayo ina rekodi yake katika utafiti wa malaria: pamoja na Kilifi, ilishiriki majaribio ya chanjo ya RTS,S kwa watoto 894, na matokeo ya 2008 yakaonyesha kinga ya asilimia 53. Oktoba 2021 RTS,S ikawa chanjo ya kwanza ya malaria kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Wenye fedha za utafiti wazielekeze huko molekuli hizi, ili tujue gesi hii inafanya nini ndani ya seli za mtoto anayeugua malaria, si za panya peke yake.